Asilimia za Baba Mkubwa

Begimai alimmwagia fundi Kubat chai kabla hajamjua jina. Ghorofa ya chini ya lile duka kubwa la katikati ya Bishkek, wanakouza simu na kufufua kompyuta, ina vichochoro vya watu kupitana kwa mbavu, na siku hiyo ya Oktoba msichana alikuwa na kamera begani na mfuko wa diski arobaini mkononi. Alipogeuka kumpisha mama mmoja mnene, mfuko ukagonga kikombe mezani. Chai ikaishia kwenye sweta ya kijivu ya fundi, juu ya doa la mafuta ya sambusa lililokuwapo tangu asubuhi.

Fundi alikung'uta sweta. Alitazama koti la mvua la rangi ya haradali, skafu nyekundu, nywele zilizobanwa kwa kalamu. Kisha akatazama mfuko.

"Dada, diski zote hizo za nini?"

"Harusi. Mimi napiga video za harusi. Hizi nampa dereva wa basi awapelekee ndugu wa bwana harusi huko Urusi."

"Zinafika?"

"Nusu zinafika. Nusu ya zilizofika zinacheza."

"Na wewe unaona sawa tu."

"Sasa nizitume kwa kunguru?"

Kubat akamvutia kigoda. Akamweleza habari ya linki kwa namna ambayo mtu wa pale angeielewa. Kwenye sherehe, akasema, kondoo anakatwa na kila mgeni anapewa mfupa wa heshima yake. Faili nalo linakatwa vivyo hivyo, vipande maelfu. Linki si kondoo. Linki ni jina la kondoo, mstari mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, na hakuna mafaili mawili yenye jina moja. Unaunakili, unaubandika kwenye programu, unachagua pa kuweka, unaangalia wagawaji, yaani wenye vipande walioacha wazi, ni wangapi. Programu inazunguka duniani ikiuliza: nani ana mfupa wa kondoo huyu? Aliye nao anatoa nakala, wake haupungui. Na wewe ukipata kipande kimoja tu, hapo hapo unaanza kumgawia mwingine. Ndani ya nchi mtandao ni bure, Urusi ni polepole, lakini hakuna basi wala dereva.

"Halafu ukimaliza usifunge programu," akamalizia. "Wote wakifunga, linki inabaki jina tupu. Na mwenye kondoo ndiye wa mwisho kufunga."

Begimai alisikia yote isipokuwa hayo ya mwisho. Wakati huo alikuwa anaangalia vidole vya fundi, virefu, vina makovu ya kuungua na chuma cha kulehemu.

Baridi ilipoingia walikuwa wapenzi. Kubat alikuwa na kazi ya pili, kuvuta nyaya za mtandao mitaa ya kusini, na akiwa juu ya ngazi ndipo Begimai alipopenda kumpigia. "Roho yangu, uko wapi?" "Kwenye nguzo." "Unanikumbuka?" "Nakukumbuka kwa mkono mmoja, wa pili nimeshikia waya." Kila wikiendi msichana alipiga harusi, kila Jumatatu alitengeneza linki, na ndugu wa Moscow wakaacha kumtukana dereva wa basi.

Mwisho wa Februari Ryspek alimwoa Nurzat. Mama yake Ryspek, Mama Zuura, mjane mwenye sauti ya kusikika nyumba tatu, alitoa sharti moja. Diski isiingie nyumbani kwake kabla Baba Mkubwa Toktobolot hajaitazama filamu. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, amekwama kazini Yakutsk, Siberia, na hakuweza kuhudhuria. Aletewe kwa huo mtandao wenu, akasema, aone yeye kwanza, kisha wadogo. Begimai akatuma linki kwa ukoo mzima, akaiacha wazi siku mbili. Siku ya tatu alihitaji nafasi kwa harusi nyingine mbili. Kompyuta yake ilikuwa ndogo. Akafuta filamu, kwani linki si anayo?

Wiki tatu baada ya harusi bibi yake Ryspek, Bibi Uulkan, alifariki. Mwanamke huyo hakuwa mtu wa maneno kumi kwa siku, lakini mwisho wa ile filamu alikuwa amefungua viganja na kuwabariki maharusi kwa karibu dakika tano. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema mengi hivyo. Mama Zuura alipiga simu zikiwa zimebaki siku tano kufika arobaini. Baba Mkubwa ametoa ruhusa bila kusubiri tena, lete diski, tunataka sauti yake isikike mbele za watu. Begimai akasema ndiyo, mama. Akabandika linki. Wagawaji: sifuri.

Alikimbia mpaka dukani bila skafu.

"Uliniambia iko kwa watu," akasema.

"Iko kwa watu wakiacha wazi. Nilikwambia mwenye kondoo ndiye wa mwisho kufunga. Mara tatu nilikwambia, Begimai."

"Nakala yako iko wapi?"

"Yangu ipi?"

"Una mechi mia tatu za mpira kwenye diski hiyo. Harusi zangu ngapi?"

Hakuwa nayo hata moja. Ukweli ni kwamba aliona vibaya kuweka kwake nyuso za mabibi wa watu wasiomjua. Angesema hivyo, mambo yangeisha. Badala yake, kwa kuwa alikuwa amechoka na wateja wawili walikuwa wanasikiliza, alisema harusi zote zinafanana.

Begimai akageuka. Alipanda ngazi, na simu za Kubat hakuzipokea tena siku ile wala iliyofuata.

Kubat alikasirika kwanza, akapanga bisibisi zake kwa urefu, kisha akatoa orodha ya namba za ukoo ambazo alimsaidia Begimai kuzitumia linki. Alipojitambulisha kuwa ni fundi kompyuta, watu watatu walimkatia simu. Huyo wa nne Kubat akamwambia kwamba yeye ni mume wa yule mpiga video. Akapokewa vizuri, akaulizwa afya ya wazazi na bei ya nyama.

Binamu mmoja, dereva huko Moscow, alikiri kwamba filamu anayo, ila nusu.

"Imefika asilimia ngapi, kaka?"

"Sitini."

"Mbona ukaisimamisha?"

"Baba Mkubwa ana sitini na moja."

Kubat akadhani ni mzaha. Akampigia wa Novosibirsk: hamsini na tisa, naye amesimamisha mwenyewe. Shangazi wa Osh, humu humu nchini, mwenye mtandao wa kasi kuliko wote: hamsini na nane, maana yeye ni mdogo kwa huyo wa Novosibirsk. Tangu Machi Baba Mkubwa alikuwa anapiga simu kila asubuhi kutangaza amefika wapi, na ukoo mzima ukawa unafunga mashine chini yake, kila mtu kwa umri wake, kama wanavyokaa mezani. Hakuna aliyetaka kumpita. Na mzee, mwenyewe amekwama kwa sababu wote wamefunga, alikuwa anaulaumu mtandao wa Yakutsk. Kubat aliweka simu chini, akafunika uso kwa viganja viwili.

Siku ya tatu Begimai alishuka ngazi za duka. Alikuwa amevaa gauni jeusi la kazini na uso wa mtu asiyelala.

"Mke wa binamu kanipigia kutoka Moscow," akasema. "Kanipongeza. Nimeolewa lini?"

"Jumanne. Nilisema fundi, wakakata simu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi? Hupokei."

Begimai alitaka kucheka akajizuia. Akaketi kwenye kigoda kilekile, akataka kujua mambo yamefikia wapi. Kubat akamweleza habari ya asilimia, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyopandisha hasira. Watu gani hawa, amewaomba siku mbili, kila mmoja anasema aanze mwenziwe. Kila mtu ana mifupa tofauti na mwenzake, wote wakifungua kwa wakati mmoja kondoo karibu atatimia, lakini hapana, heshima. Heshima gani inayomla kondoo mpaka jina?

"Nipe simu," alisema Begimai.

Akampigia Baba Mkubwa. Hakusema neno lolote la kompyuta. Alimwambia kwamba mezani mkubwa ndiye anayekata nyama na kugawa, na bila yeye kutamka, wadogo wanaona aibu kunyoosha mkono. Watoto wanasubiri ugawe, baba. Mzee akakohoa, akasikika kufurahi. Kesho yake saa nne asubuhi mashine kumi na moja zikafunguliwa, Yakutsk hadi Osh, kwa amri.

Kwenye kibanda cha Kubat wawili hao walikaa bega kwa bega. Namba ikapanda: sitini na moja, sabini na tano, tisini. Ilipofika tisini na tatu ikasimama. Vipande walivyokuwa navyo ukoo mzima viliishia hapo, na dakika za Bibi Uulkan zilikuwa ndani ya asilimia saba zilizokosekana.

Mara akatokea mmoja zaidi kwenye orodha ya wagawaji. Hakuwa na jina, anwani tu ya tarakimu, na mbele yake: mia. Kasi ikaruka. Baada ya dakika nne akapotea. Tisini na tano.

Keshoye akarudi saa ileile, dakika tatu. Tisini na sita na nusu. Ilikuwa imebaki siku moja.

Kubat alikuwa ameinakili ile anwani. Akafungua daftari lake la kuvutia nyaya, akashusha kidole, akakirudisha juu, akashusha tena.

"Ni nyumbani kwa Mama Zuura," akasema taratibu. "Waya huo niliufunga mwenyewe. Siku tano watu wazima wanazunguka Siberia kwa simu, na filamu iko chumba cha pili kutoka jikoni kwao." Akanyanyua simu. "Nampigia sasa hivi."

Begimai akaishika mikono yake pamoja na simu. "Saa nne hiyo Mama Zuura yuko sokoni. Nani anabaki nyumbani?"

Kubat alifikiri. "Bibi harusi."

"Ameingia juzi kwenye nyumba ile. Kampita Baba Mkubwa, kampita mama mkwe, kawapita wote, kaichukua yote siku ya kwanza. Ukipiga simu hiyo, watamkumbusha mpaka awe na wajukuu."

"Na sisi je? Na jina lako?"

"Jina langu nitalipigania bila kuligharimu lake."

"Begimai, nimechoka. Nimechoka na watu wa zamu, nani kwanza nani baadaye. Nikipiga simu hiyo, leo tutalala."

"Najua umechoka. Weka simu."

Akaiweka. Si kwa kukubali. Ila alimtazama, akaona kwamba msichana huyu yuko tayari kufedheheka mbele ya ukoo mzima kesho kuliko kumchoma mtu ambaye amezungumza naye mara mbili. Hasira ikabaki, lakini ikakosa pa kukaa.

Begimai alikwenda mchana kwa kisingizio cha kupima mahali pa kuweka skrini. Nurzat, kitambaa cheupe cha bibi harusi kichwani, alimimina chai bila kunyanyua macho, kama wanavyofanya wake wapya. Mama Zuura alikuwa uani akifokea watu wa hema. Begimai akamwambia Nurzat kwa sauti ya chini kwamba filamu imepotea, nakala yake kaifuta mwenyewe, na hakuna binadamu mwenye mwisho wake. Birika likagonga sinia.

"Bibi tu ndiye aliyekuwa ananiita mwanangu humu ndani," alisema Nurzat. "Naiwasha nimsikie. Mlango ukilia nazima."

"Usizime leo. Funika skrini kwa nguo, toka, iache ingurume. Sitamwambia mtu."

"Na yule fundi?"

"Huyo atasema imetoka Yakutsk."

Saa kumi jioni, kibandani, namba ilifika mia. Kubat alinakili filamu mara nne, moja akaiweka kwenye diski yake, akafuta mechi kumi na mbili kuipatia nafasi. Alizifuta bila kusema kitu, na Begimai aliyaona majina ya mechi yakitoweka moja moja.

Siku ya arobaini hema lilijaa. Baba Mkubwa alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya mto, sauti imefunguliwa, na kabla filamu haijaanza alitangazia watu kwamba mia imetimia kwake kwanza. Watu wakaitikia kwa heshima. Nurzat akapita na birika, akajaza vikombe vya wakubwa. Kubat, nyuma ya skrini, akakohoa. Begimai akamkanyaga.

Kisha Bibi Uulkan akatokea, mdogo ndani ya kilemba kikubwa cheupe, akafungua viganja na kuanza kusema. Sauti ilikuwa kavu, ya kusitasita. Hema zima, bila kuambiwa na mtu, likafungua viganja. Mama Zuura pia. Sauti yake hatimaye haikusikika hata nyumba moja. Hakuna aliyeangalia nani kafungua kwanza. Bibi alipomaliza, watu mia na zaidi wakapitisha viganja usoni kwa pamoja, na bibi harusi akaweka birika chini akalia waziwazi, na hakuna aliyemkataza.

Nje ya hema wapenzi wakakunja waya, huyu upande huu, yule upande ule, wakisogeleana kila walipokunja. Kubat akaanza kusema kwamba kuhusu yale aliyosema, ya harusi kufanana, alitaka kusema kwamba...

"Mama yako ana hereni za posa, za kumvisha mkwe?" Begimai akamkatiza.

Kubat akasimama na waya mkononi. "Anazo. Tangu nina miaka kumi anazo."

"Mwambie azilete Jumapili."

"Lakini desturi ni mimi kwanza nimwambie baba, baba amwambie mjomba, mjomba..."

"Kubat," alisema Begimai, na uchovu wa siku sita ulikuwa ndani ya sauti yake, na kingine. "Jumapili. Nitakuwa wazi kuanzia asubuhi."