Abee Arobaini

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda dukani kununua tangawizi. Ilikuwa siku ya tisa koo limekauka, sauti imebaki mkwaruzo, na mimi naishi kwa sauti. Wewe ukishikwa na mafua unaenda kazini unapiga chafya. Mimi nikishikwa na mafua, kazi yenyewe ndiyo imelala kitandani.

Muuza duka alinitania kama kawaida yake. Kwenye spika ya mlangoni kwake sauti yangu ilikuwa inanadi sabuni, tamu kweli, na mwenye sauti nimesimama pale naonyesha tangawizi kwa kidole kama bubu. Alisema afadhali aninunulie filimbi. Nilicheka naye, kwa sababu nisingecheka ningelia.

Hiyo ndiyo biashara yangu. Mtu mmoja, simu moja, kinasa sauti kimoja. Wateja wananipata kwenye ukurasa mtandaoni, wananiandikia maneno, nayasoma, natuma. Matangazo, salamu za siku ya kuzaliwa, yule dada anayekwambia mtu unayempigia hapatikani. Studio yangu ni kabati la nguo. Naingia, nafunga mlango, magauni na makoti yanameza mwangwi, natoka nimelowa jasho. Nimemlea binti yangu peke yangu kwa kabati hilo. Lakini ukurasa hauna huruma: ukikataa oda tatu mfululizo unashushwa chini kabisa, ambako hakuna mteja anayekuona tena. Nilikuwa nimeshakataa mbili.

Ya tatu iliingia nikiwa njiani kurudi.

Mteja hakuwa na jina. Picha yake ilikuwa ya mlango uliofungwa. Alitaka sauti ya mtoto wa kike, miaka minane hivi, na maneno mawili tu: "Abee, mama." Mara arobaini. Akiwa karibu, akiwa anatoka usingizini, akiwa chumba cha pili, akiwa mbali, akiwa mbali sana. Aliambatanisha na sauti ya kuongozea, yaani rekodi ya mtu anayeita, ili mtoto aisikie masikioni aitikie kama anaitwa kweli. Hilo ni la kawaida kwetu. Mimi nina swali moja ambalo kila mteja lazima anijibu kabla sijaanza: sauti hii ni ya kazi gani? Siku hiyo sikuuliza. Niliogopa atanipa jibu ambalo litanilazimisha kukataa.

Binti yangu tunamwita Kasuku, maana tangu ajue kusema hajanyamaza. Ana miaka minane. Nilipomwambia ataingia kabatini kufanya kazi ya mama, aliruka mpaka kiti kikaanguka. Hedifoni ilikuwa moja tu, nikamvisha, nikawasha rekodi ya mteja bila kuisikiliza kwanza. Kosa la mwanagenzi. Miaka sita nafanya kazi hii na sijawahi kutumia sauti ya kuongozea ambayo sijaisikia mwenyewe. Nikafunga mlango wa kabati, nikakaa chini kwa nje, nikawa nahesabu kwa vidole.

"Abee, mama."

Kimya...

"Abee, mama."

Alikuwa ananishinda mimi. Aliitika kwa furaha, akaitika kwa uvivu, akaitika kama aliyeamshwa kwa lazima, na mimi huku nje najisifu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ishirini. Thelathini. Chumba kilikuwa kinaingia giza, lakini sikuinuka kuwasha taa, hatua zangu zisije zikaharibu kazi. Arobaini ikatimia. Nikashika kitasa.

Ndani, Kasuku akasema taratibu:

"Niko kabatini."

Sikuelewa. Haikuwa kwenye oda.

"Yupo... amekaa hapo nje, mlangoni."

Nikabana sikio kwenye mlango.

"Haya, mama."

Nilivuta mlango kwa nguvu. Harufu ikanipiga usoni, ya chumba kilichofungwa miaka, ya maziwa yaliyochachia kwenye nguo za mtoto mchanga. Kasuku alikuwa amekaa katikati ya magauni yangu, hedifoni masikioni, anatabasamu. Waya wa hedifoni ulikuwa umechomoka kwenye simu. Ulikuwa umelala mapajani mwake.

Simu bado ilikuwa inacheza rekodi ya mteja. Nikaipandisha sauti mpaka mwisho, nikaiweka sikioni. Hakuna kitu. Nikairudisha mwanzo, nikaisikiliza yote. Kimya kitupu.

Nilimuuliza nani alikuwa anamwita. Alinitazama kama mtu anayetaniwa.

"Si wewe, mama? Ulikuwa unaniita jina langu lote."

Jina lake lote liko kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na kinywani mwangu siku nikikasirika. Kwingine halipo.

Sasa hapa ndipo mtakaponilaumu, na mnilaumu tu, nastahili. Nilizituma. Nilikata yale maneno ya mwisho, nikasafisha, nikatuma zote arobaini, kwa sababu debe la unga lilikuwa tupu na ukurasa ulikuwa unasubiri kunizika. Hata dakika haikupita. Nikapewa nyota tano, na chini yake ujumbe: "Nimempata. Asante sana."

Nilimwita Kasuku aje anawe mikono tule. Hakuitika. Nikamwita tena, nikadhani amenuna. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamwita. Alikuwa anachora. Aliinama kidogo pembeni, apate mwanga niliokuwa nimemzibia.

Asubuhi mwalimu wake aliniambia mtoto hana neno, darasani anachonga mdomo kama siku zote. Marafiki wakimwita anaitika. Kiziwi amekuwa kwangu tu. Chakula nikiweka anakula, wala haulizi kimetoka wapi. Nikimshika anajipangusa pale nilipomgusa, kama mtu aliyetuliwa na nzi.

Nikampigia mama yangu, akaja siku ileile. Alisimama mlangoni akamwita mjukuu wake, na Kasuku akajibu, "Abee, bibi!" akatoka mbio kumpokea mkoba. Kisha mama akaniambia nisimame palepale, niite. Niliita. Mama akashika ukuta, akatafuta pa kukaa.

Nilimweleza yote kwa hicho kisauti kilichobaki. Mama si mtu wa kuamini majini, ni mshonaji, akiona jambo la ajabu kwanza hutafuta mshono wake. Alisema alipokuwa msichana walisimuliwa habari za mwanamke aliyefiwa na mwanawe akakataa kunyamaza, akawa anamwita kila magharibi, akafa akiwa anaita. Watoto wa watu walikuwa wanaingizwa ndani mapema. Zaidi ya hapo hajui, na hajawahi kusikia kwamba anaagiza kazi na kulipa.

"Yeye alikuwa anatafuta wa kumwitikia tu," aliniambia. "Na wewe ukamletea wako."

Nilimwandikia mteja. Niliomba, nikapiga magoti mbele ya simu, nikasema nitarudisha kila kitu. Ukurasa ukanijibu kwamba mtumiaji huyo hayupo, na kwamba kazi yangu imekamilika vizuri.

Tangu hapo, kila jua likizama, Kasuku anainua kichwa anaelekea kabatini, anaitika. Mara moja tu kwa siku. Nguo nilizitoa, kabati nililitupa, anaelekea ukuta uliobaki. Siku za kwanza sauti ilikuwa ya karibu. Baadaye ikawa ya usingizi. Wiki iliyopita alikuwa amekaa ubavuni mwangu, goti lake linagusa langu, midomo yake naiona inacheza, na sauti ikatokea chumba cha pili. Ninayo orodha ya oda. Jana ilikuwa ya thelathini na mbili.

Leo sauti yangu imerudi. Yote, safi, kama ya kwenye spika ya duka. Nilimngoja mpaka magharibi, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikamwita jina lake lote.

Penseli ikasimama.

Alisikia! Wallahi alisikia, niliona jicho lake likicheza. Nikaita tena, nikimsihi, mwanangu, ni mimi, ni mimi mama yako...

Kasuku aligeuza uso ukutani, akanong'ona:

"Mama, kuna mtu ananiita."

Akatulia, anasikiliza. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

"Sawa, mama. Sitaitika."

Akarudi kwenye daftari lake. Mimi niliendelea kumwita mpaka sauti ikakatika.