Kombi ya Stany na Mvula ya Mutshatsha

— Kanyaga, Fifi! Kanyaga, nasema!

— Nakanyaga! Haitoke!

— Polepole basi! Uko nanirushia potopoto mu macho!

Siku ya nne hiyo. Stany alikuwa nyuma, mabega kwenye mlango wa kombi, matope mpaka magotini. Mimi kwenye usukani. Baba yangu, Tata Mukendi, amelala kwenye kitanda cha ndani, anakohoa. Na mvua, mamayee, mvua gani ile! Ilituanza tulipotoka Kolwezi na haikutupa hata nusu siku ya kukausha shati.

Kombi ikachomoka. Nikaiendesha mpaka pakavu, nikasimama kumngoja. Stany akaja anakimbia, anacheka.

— Sasa weye ni shofere wa kweli.

— Na weye ni nguruwe wa kweli. Angalia ile sura!

— Hii njo sura itakuoa. Kule Kananga, kwenu Kasai, padiri atatubariki na potopoto yetu.

Nilicheka. Nilimpenda, nisiwadanganye.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Kampani ilikuwa imeanguka, mishahara haionekani, na sisi wenye asili ya Kasai ndio tuliobebeshwa makosa yote. Mimi nilizaliwa Musonoi, palepale Kolwezi, Kasai sijawahi kuiona hata kwa picha. Baba alikuwa karani wa kampani miaka ishirini na nane. Lakini majirani tuliokuwa tunaombana chumvi nao walituita bilulu, wadudu, wakasimama mlangoni petu na fimbo: siku tatu, mtoke. Wenzetu walijazana kwenye gare wakingoja treni, wanalala chini, watoto wanakufa. Baba na kifua kile asingemaliza wiki pale.

Stany Kalumba hakufukuzwa. Yeye ni Muluba wa kaskazini ya Katanga hukohuko, mwenyeji kama hao waliotufukuza. Tulikuwa wachumba miaka mitatu. Kombi yake aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa anaenda nayo likizo: kitanda ndani, mapazia, jiko dogo la gesi.

— Tutapita njia ya Mutshatsha, Kasaji, Sandoa, aliniambia. Tutalala mule ndani. Nabafikisha kwenu, na kule njo nitakuoa.

— Na mama yako?

— Kwani Mama Mbuyu njo anaoa?

Baba alimpa funguo za nyumba yetu azipeleke kwa padiri wa parokia, zitunzwe mpaka siku tutakayorudi. Stany akaenda, akarudi.

— Nimemupa mu mukono, tata.

— Mungu akubariki, mutoto yangu, baba akasema.

Basi tukaondoka. Njia ya siku moja mpaka Mutshatsha ilitutafuna siku sita. Daraja moja lilikuwa chini ya maji, tukangoja siku nzima tunaangaliana. Vifuta-mvua vya kioo vikafa. Paa likatoboka juu ya kitanda, na Stany, huyohuyo Stany, akakaa saa nyingi ameshika sahani juu ya kichwa cha baba ili asilowe. Mwambie nani kwamba mtu wa hivyo ana uongo mfukoni?

Siku ya sita, Mutshatsha. Stany alienda kutafuta mafuta. Mimi nikaingia dukani kujificha mvua. Mule kulikuwa na phonie, redio ya kupeleka habari: mtu anasema kule Kolwezi, huku wanaandika. Mwenye phonie, Tata Kalenga, aliniangalia.

— Mama, kombi ile ni yenu?

— Ndiyo, tata.

— Kuko message ya Stany Kalumba, tangu juzi. Weye ni bibi yake?

— Ndiyo.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya wote waliokuwa dukani:

"Stany mutoto yangu. Tumeingia mu nyumba ya ba Mukendi. Funguo zinafungua muzuri. Joyeuse amekuya na masanduku yake, iko napanga chumba yenu. Usivuke Mutshatsha. Bashushe bale batu ku gare ya pale, urudie mbio. Mama yako, Mbuyu."

Kalenga akavua miwani. Akakunja karatasi, akanipa bila kuniangalia usoni.

Stany alinikuta nimesimama kwenye mvua, bidon ya mafuta begani mwake, meno nje.

— Fifi! Nimepata litre makumi mbili!

— Mama yako anakusalimia.

Akaweka bidon chini.

— Anasema nini?

— Anasema funguo zinafungua muzuri. Na Joyeuse iko napanga chumba yenu.

Angenitukana ningeona nafuu. Alikaza kwanza kifuniko cha bidon, kisha ndipo maneno yakamtoka.

— Fifi, ile nyumba bangeikamata tu. Afazali mi kuliko mwengine.

— Sikuulize nyumba. Joyeuse njo nani?

— Mama njo alimuita.

— Tangu lini?

— Tangu Noeli.

— Noeli! Noeli ulikula kwetu, Stany! Ulimukatia baba yangu nyama!

— Niliogopa. Mutu mwenye kuoa Mukasai leo, banamuchomea nyumba.

— Nyumba gani bakuchomee? Ile yetu?

Akainamisha kichwa.

— Ungetuacha wapi?

— Hapa. Siku ile ya kwanza. Mvula njo ilituchelewesha. Kila siku nilitaka kusema, nikashindwa. Fifi, zile siku sita mi nilikuwa bwana yako kweli.

— Siku sita. Asante.

Nililia, ndiyo. Lakini pale Mutshatsha pia vijana wenye fimbo walikuwa kwenye gare, wananyeshewa, wakingoja watu wa Kasai kama sisi, na baba anakohoa. Nikameza uchungu wangu wote.

— Kama ulinipenda hata siku moja, fikisha baba yangu Kasaji. Kisha urudie kwa Joyeuse wako.

— Kasaji tu, Fifi. Kisha narudia.

Baba sikumwambia kitu. Tulikwenda kama kilomita kumi, ndipo kombi ikazama tena. Stany akashuka nyuma, mimi nikahamia kwenye usukani, kama kila mara.

— Kanyaga!

Nikakanyaga. Kombi ikachomoka, ikafika pakavu. Sikupanga kitu, naapa. Mguu tu ndio uliokataa kutoka kwenye pedali. Kwenye kioo cha pembeni nilimuona amesimama katikati ya matope, mkono juu, ananionyesha nisimamie pale. Alikuwa bado anacheka. Alidhani namngojea.

— Fifi, Stany amebakia nyuma.

— Najua, tata.

— Simama, mutoto.

— Tata, funguo hazikufika kwa padiri. Mama Mbuyu analala mu nyumba yetu. Joyeuse, muchumba wa Stany, analala mu chumba yangu.

Nilisikia baba anajikokota kutoka kitandani. Akaja kukaa kiti cha mbele, pumzi inamkata, akaanza kunifutia kioo cha mbele kwa mkono wa koti lake, lile koti la kwendea ofisini.

— Alikupenda? akaniuliza.

— Alinipenda, tata. Njo maana inaniuma.

— Usiangalie tena ile kioo ya pembeni, akasema. Angalia barabara.