Gauni la Mama Mkunga na Kurasa za Bure

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akaenda chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo za watu. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika tangu ulipojifunza kusema. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kupiga pasi mishono na, tangu mwezi uliopita, kuendesha printa.

Printa ile ilikuwa fahari ya chumba. Mama aliinunua kwa bei ya jozi moja ya viatu, akarudi nyumbani akicheka peke yake. Alikuwa amesikia kwamba mtandaoni watu hutoa pateni bure, zile karatasi ambazo fundi huzitandaza juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata. Mama na kompyuta walikuwa hawajazoeana, lakini Chiriku alikuwa amefundishwa shuleni, basi kazi ikamwangukia yeye.

Jumatano akaja mkunga wa zahanati. Alikuwa anastaafu, na wenzake walikuwa wamechanga wakamnunulia kitambaa cha zambarau ashonewe gauni la kuagwa. Sherehe ilikuwa Jumamosi.

"Kitambaa ni hiki hiki tu, fundi," alisema huku akipimwa. "Dukani kimekwisha. Usinione nakusumbua, ila nakitazama kama mboni ya jicho."

"Ondoa shaka, Mama Mkunga," mama alimjibu.

Kesho yake mchana Chiriku akafungua kompyuta ndogo ya nyumbani. Pateni ya gauni aliipata upesi. Lakini kando yake palikuwa na mambo mengine: kalenda ya vipepeo, kadi za maua, vibandiko vya daftari, vyote bure. Nani aache cha bure? Akachapa kalenda. Akachapa kadi kumi na mbili, moja kwa kila rafiki, na ya kumi na tatu kwa msichana wasiyepatana naye, ili naye aone. Printa ikanguruma na kutema maua mekundu na manjano mpaka meza ikajaa.

Ilipofika zamu ya pateni, taa ndogo ya printa ikaanza kuwaka na kuzima. Wino ulikuwa unakwisha.

Ili kuokoa wino, Chiriku akauruka ukurasa wa kwanza, wenye picha kubwa ya rangi na kisanduku kidogo kilichochorwa chini yake. Kisanduku hicho hupimwa kwa rula. Kila upande ukiwa sentimita tano, pateni imetoka kwa kipimo chake. Kisha kompyuta ikamwuliza kama ipunguze kurasa zitoshe kwenye karatasi. Akabonyeza "ndiyo" bila hata kumaliza kusoma. Kurasa kumi na nane zikatoka, za mwisho zimefifia, naye akaziunganisha kwa selotepu.

"Umepima kisanduku?" mama aliuliza, macho yakiwa kwenye cherehani.

"Nimepima, mama."

"Tano kamili?"

"Tano kamili."

Siku nyingine mama angepima tena mwenyewe. Lakini siku hiyo alikuwa na sare sita za kumaliza, na mtoto wake alikuwa hajawahi kumdanganya katika kazi. Akatandaza kitambaa mezani, akabana pateni kwa pini, akakata mkono wa kulia wa gauni, halafu wa kushoto.

Chiriku alirudi kwenye kompyuta ili aizime. Pale kwenye kioo aliona imeandikwa kwamba mkono una urefu wa sentimita hamsini na nane. Akachukua tepu kimyakimya, akapima karatasi ya mkono iliyokwisha kutumika. Hamsini na tatu na nusu. Akapima tena. Ikawa ile ile.

Nyuma yake mama alikuwa anabana kipande cha kifua. Akiukata mwili wa gauni kwa karatasi ile, Mama Mkunga hataingia ndani yake, na kitambaa kingine hakipo. Chiriku aliona haya, akaogopa, akatamani ardhi imfiche. Mkasi ukafunguka.

"Mama, usikate!"

Mama akasimama. Chiriku akaeleza yote: kadi, vipepeo, taa, kisanduku ambacho hata hakukichapa. Alilia katikati ya maneno, lakini hakuacha neno. Mama akauweka mkasi chini, akachomoa pini moja moja, akakikunja kitambaa.

"Chukua kompyuta," alisema. "Twende kwa mjomba wako."

Mjomba alikuwa na duka la kutoa nakala. Akazitazama karatasi, akacheka kidogo, lakini alipouona uso wa dada yake akakoma.

"Dada, uliuliza bei ya printa. Uliuliza bei ya wino?"

"Wino si umo ndani?"

"Zile katriji za kuanzia, yaani vikopo vya wino vinavyokuja na mashine, huwekewa wino kidogo tu. Mpya zake mbili zinakaribia bei ya printa nzima. Ukinunua mashine, kwanza uliza katriji ni bei gani na inachapa kurasa ngapi." Akamgeukia Chiriku. "Na wewe, mjomba, hizo kadi ni bure kuzitazama. Wino na karatasi ni vya mama yako."

Akachapa kurasa zilizohitajika tu, kwa wino mweusi, kwa kipimo kamili, pamoja na ukurasa wa kwanza. Chiriku akaweka rula kwenye kisanduku, mbele ya wote wawili. Tano kamili.

Mwili wa gauni ukakatwa sawasawa. Mikono haikuwa na dawa: kitambaa kilichobaki hakikutosha mikono mirefu mingine.

Ijumaa Mama Mkunga alipokuja kujaribu, mama alimsukuma Chiriku mbele kwa kiganja. "Mwambie wewe."

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba, mwanangu."

Chiriku akapiga moyo konde, akamwambia. Mama akaongeza kwamba mikono imebidi iwe mifupi, na kwamba hatachukua fedha za ushonaji. Mama Mkunga alikunja uso, akalivaa gauni, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma. Kisha akainua mikono yake iliyo wazi mpaka viwiko.

"Miaka thelathini na moja nimefanya kazi nimekunja mikono ya nguo," alisema. "Hata sijui nilikuwa nataka mirefu ya nini. Ila fundi, fedha yako utachukua. Mtoto huyu amesema kabla hamjaniharibia nguo nzima."

Alipoondoka, mama alimvuta Chiriku akakaa karibu naye.

"Wino umekwisha, nao utanunuliwa," alisema. "Mimi nilifurahia bei nisiulize la pili, hilo ni kosa langu. La kwako ni lile 'tano kamili.' Nilikata kitambaa cha mtu kwa kuamini neno lako. Usipopima, niambie hujapima, nami nitapima. Hapo sote tuko salama."

"Nimesikia, mama," alisema Chiriku, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza neno.