Mwenyewe Ni Marehemu

Jioni ile Kitinda alikuwa anafunga kichwa cha treni kwenye gazeti, taratibu, kama anafunga yai. Ndicho kilichobaki. Mabehewa, reli, stesheni ndogo yenye paa jekundu, vyote alishauza. Meza ya chumba cha nyuma ilikuwa tupu, ina matundu ya misumari tu.

Upande wa pili wa ukuta, kaka yake akakohoa.

Huyu kaka alikuwa dereva wa treni za kweli mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo alinunua kipande kimoja kimoja cha treni hizi ndogo za umeme, zinazokimbia mezani. Watu walimcheka, mtu mzima na midoli, wala hakujali. Sasa miguu ilikuwa imekataa, mwaka wa pili yuko kitandani, na furaha yake ilibaki moja. Kila jioni anagonga ukuta. "Kitinda, iwashe nisikie." Mdogo wake anaiwasha, naye anasikiliza ikizunguka mpaka anasinzia.

Sasa mtu wa namna hii unamuuzia treni zake?

Kitinda aliuza. Ya kwanza ilikuwa ya dawa, haki ya Mungu. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya simu mpya, na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa. Simu ile ilikuwa inarekodi vizuri mno. Akarekodi treni ikizunguka, dakika ishirini nzima, na tangu hapo kaka akigonga, Kitinda anaweka simu mezani na kubonyeza. Krrr-tak, krrr-tak. "Leo inakwenda vizuri," kaka anasema. Aibu ilikuwa inamla Kitinda, lakini ilimla huku anaendelea kuuza.

Tena kulikuwa na jingine, na hili hakumwambia mtu. Wanunuzi wa vitu vilivyotumika wana swali lao: mwenyewe yuko wapi, isije ikawa ya wizi. Siku ya kwanza alibabaika. Siku ya pili ulimi ukamponyoka: "Mwenyewe ni marehemu." Mambo yakanyooka. Hakuna aliyedai risiti, hakuna aliyebana bei, walimpa pole wakalipa. Akazoea. Mara kumi na moja alimzika kaka yake kwa mdomo, na mara kumi na moja akarudi ndani kumnywesha chai.

Mlango wa uani ukagongwa.

Ukuta nao ukagongwa. "Kitinda, iwashe."

Akabonyeza simu, kisha akafungua mlango. Mwanamke mrefu, nguo nadhifu, harufu ya karafuu maiti kama sanduku lililofunguliwa baada ya miaka.

"Karibu. Nikuonyeshe kichwa chenyewe?"

"Hakuna haja," alinong'ona. "Nataka maandishi tu. Mali ni ya nani?"

"Ya kaka yangu. Marehemu."

Mwanamke akatoa karatasi na kalamu ya wino. "Andika hivyo hivyo. Na jina lake kamili."

Mkono wa Kitinda ulisita. Kusema ni kusema, yanapeperuka. Lakini mteja ni mteja. Akaandika: mali ya marehemu, na jina lote, la kaka mwenyewe, la baba na la babu.

Nyuma ya ukuta, kaka akakohoa.

Mwanamke hakushtuka. "Huyo nani?"

"Mgonjwa... jirani."

"Wale kumi na mmoja nilikuwa nawatuma mimi," alisema, polepole. "Kila mmoja aliniletea neno lako. Neno halinitoshi. Leo umeandika."

Kitinda akanyoosha mkono. "Mama, basi. Siuzi tena. Nipe karatasi yangu."

"Siwezi kuondoka na karatasi isiyo na jina." Akamsogezea kalamu. "Kama si huyu, kata. Andika mwingine aliyemo humu ndani."

Humu ndani walikuwa wawili.

Rekodi ikaisha. Simu ikazima kioo.

Krrr-tak... krrr-tak...

Kitinda akageuka. Meza ilikuwa tupu, simu giza, na sauti ilikuwa inazunguka juu ya mbao, nzito kuliko ya treni ndogo. Kifurushi cha gazeti kilitetemeka. Ikaenda, ikapunguza mwendo, ikasimama. Ilisimama ukutani, upande wa kaka.

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alijua jina la kuandika, lake mwenyewe, analijua tangu utotoni, ni herufi chache. Aliwaza miguu yake mizima. Aliwaza kaka ameshaishi, ameshachoka, siku zenyewe ni za kuhesabu. Alijidanganya yote yale mtu anayojidanganya akitaka kupona yeye.

Akafunika kalamu.

Mwanamke akakunja karatasi, akachukua kifurushi na kutoka. Kitinda hakusikia lango la uani likifunguka.

"Kitinda. Njoo."

Kaka alikuwa amekaa, jambo ambalo hakuliweza kwa miezi. Uso wake ulikuwa mtulivu, macho kwenye ukuta.

"Sauti za simu nilizijua," alisema. "Treni haiendi siku zote mwendo mmoja. Nikasema mwache, ana shida zake."

"Kaka..."

"Na leo nimesikia kila kitu. Nilikuwa nasubiri nisikie ukiandika. Nikasikia unafunika kalamu."

Kitinda alipiga magoti kando ya kitanda na kulia kama mtoto, na kaka akamwacha alie.

"Usikimbie basi," kaka akasema mwishowe. "Nishike mkono, mdogo wangu. Mimi maisha yangu yote nilikaa mbele. Abiria sijui anafanyaje."

Akamshika, mpaka mkono ukapoa.

Kesho yake watu walijaa uani. Daktari alisema moyo, na moyo ulikuwa umedhoofika kweli, hakuna aliyebisha. Mama mmoja jirani alimshika Kitinda bega mbele ya wote, akasema hajawahi kuona mdogo mtu anayemtunza kaka yake namna ile.

Kitinda akaitikia, "Asante, mama."