Alama za Asiya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Asiya alimshikia babu yake chupa ya maji. Mzee Zahoro alipuliza kwa mrija mpaka maji yakatoa mapovu, kisha akakohoa. Miaka thelathini ya kuchoma chokaa hapo Msambweni, na tumbaku juu yake, ilikuwa imeyachosha mapafu yake. Sasa hata mishipa ya moyo ilikuwa imeziba.

Madaktari wa Nairobi walikubali kumpasua. Wangechukua mshipa wa mguuni, waipatie damu njia mpya ya kufika moyoni. Lakini kwanza aache tumbaku, na kwa wiki sita apulize maji asubuhi na jioni ili mapafu yapate nguvu. Kila alipomaliza, Asiya alitia alama kwenye kadi.

Wiki ya nne mzee alichoka. "Tia alama tu, mjukuu wangu. Huu ni mchezo wa watoto."

Asiya alimwonea huruma, akatia. Kesho yake vivyo hivyo. Juma zima likapita, chupa haikuguswa.

Jumamosi alifika Rispah, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu." Rispah aliisoma kadi, akatabasamu. "Hongera, mzee! Zimebaki wiki mbili tu; leo nitapiga simu Nairobi wakupangie siku."

Asiya alimtazama babu, babu akatazama pembeni.

"Sista, usipige," alisema kwa sauti ndogo. "Alama za juma hili ni za uongo. Babu hakupuliza."

"Asiya!" Mzee alifoka, kikohozi kikamshika hata akainama.

Rispah alingoja kitulie. "Mzee wangu, siku hiyo utapumuliwa na mashine. Mapafu yakiwa dhaifu, huenda usiweze kupumua bila hiyo mashine. Moyo utatengenezwa, nawe usirudi nyumbani."

Mzee aliivuta chupa karibu. "Basi tuanze upya," akasema.

Wakaanza upya. Safari hii mzee alipofanya uvivu, Asiya hakutia alama, hata alipobembelezwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Miezi mitatu baadaye, siku ya Ijumaa, Mzee Zahoro alitembea hadi msikitini na kurudi bila kupumzika njiani. Jirani zake wakajaa barazani kumpongeza. Akamwita Asiya, akamkalisha kando yake.

"Siku ile nilikununia, mjukuu wangu, nawe ndiwe uliyeniokoa," alisema. "Umpendaye usimsaidie kumdanganya daktari. Sema kweli, hata akikasirika. Hasira hupoa."

Asiya aliinamisha uso, akicheka kwa haya.