Upande wa Kulia Usiulize

Mimi ni fundi wa simu, na kabla hujanicheka nisikilize kwanza. Redio, spika, hedifoni, chochote kilichonyamaza, mimi nakiliza. Ndivyo tunavyosema kwenye kazi yetu: kuliza. Spika imekufa, unailiza. Nimeshaliza simu zilizoanguka chooni, tena zikalia vizuri kuliko mwanzo. Kwa hiyo mdogo wangu alipoingia jioni ile na hedifoni zenye upande mmoja bubu, alikuwa amenichokoza pabaya.

Jua lilikuwa linazama. Mama alikuwa amenituma mkate, na kiatu kimoja nilikuwa nimeshavaa.

"Dada, nitazamie hizi. Upande wa kulia haulii."

"Wa kulia haulii? Basi uchape kofi."

Tukacheka wote wawili. Ndiyo mara ya mwisho kucheka pamoja.

Mdogo wangu ni mtu mzima, miaka ishirini na minne, anachomelea mageti. Ni mpole, nzi akitua kwenye sahani yake anambembeleza aondoke. Lakini akishika ule mchezo wake wa vita kwenye simu anaitwa Kamanda, na jioni hiyo timu yake ilikuwa na fainali. Kwenye mchezo ule masikio ndiyo macho. Adui humwoni. Unasikia nyayo zake, kushoto au kulia, unamuwahi kabla hajakuwahi. Ndiyo maana wanapenda hizi ndogo za kuingia ndani ya sikio, zinaziba kelele zote za nyumbani. Ukibaki na upande mmoja, umekwisha.

"Umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mama mmoja katandika vitu vyake chini, pale jirani na fundi viatu. Nikamwambia, mbona huu upande kimya? Akanitazama weee… halafu akasema, 'Upande wa kulia usiulize.' Basi, sikuuliza."

"Mtu anakwambia usiulize, na wewe unanunua! Una akili wewe?"

Nikavua kiatu, nikakaa kwenye meza yangu ya kazi pale sebuleni. Kusafisha hedifoni si kazi ngumu. Unavua vile vimpira, unaviosha kwa maji ya sabuni, unaviacha vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Kisha unashika kidude chenyewe, wavu ukiangalia chini, unausugua taratibu kwa mswaki mkavu ili uchafu uangukie nje. Na hupulizi. Hupulizi kabisa! Pumzi ina unyevu, tena inausukuma uchafu ndani. Wateja wangu nimewafokea kwa hilo mpaka wananiita Mama Usipulize.

Upande wa kushoto ulitoa nta ya kawaida. Wa kulia ulitoa unga mweusi, mkavu, mwingi kuliko kidude chenyewe. Nikanusa kidole.

Damu. Damu ya siku nyingi.

Hapo ningeacha. Fundi mwenye akili angeacha. Lakini Mama alikuwa anafoka jikoni, "Huo mkate mnapanda ngano kwanza?" Na mdogo wangu amenisimamia kichwani, "Dada, zimebaki dakika kumi… Dada, tano…" Nikapandwa na hasira. Nikakisogeza mdomoni, nikapuliza.

Fuuu.

Kikanipulizia.

Sitanii. Pumzi ya moto ilitoka kwenye ule wavu ikaniingia kinywani, ina harufu ya chuma kilicholowa. Nikakitupa mezani. Kooni nikahisi kitu kimechomoka, kimeondoka. Nikataka kusema "toba", ikatoka sauti nyembamba, ya mgonjwa.

Mdogo wangu hata hakuona. Alizidaka zile hedifoni, akazichomeka masikioni hivyohivyo. Vimpira bado vilikuwa vimelowa juu ya kitambaa.

"Umeuliza! Dada, wewe kiboko! Nasikia mpaka mtu anavyopumua!"

Nilitaka kumwambia avue. Sikumwambia. Zile sifa zilinikaa vizuri, Mungu anisamehe. Nikavaa viatu, nikaenda kununua mkate.

Niliporudi giza lilikuwa limeanza kuingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya sebule, simu mikononi, anacheza ajabu. Hajawahi kucheza vile. Adui hajatokea bado, yeye ameshapiga. Na midomo yake ilikuwa inatembea.

"Kushoto… sawa. Nyuma… sawa. Kulia… sawa."

"Unaongea na nani?" nikanong'ona, maana sauti ilikuwa ndiyo hiyo tu.

Hakunisikia. Kioo cha simu kikaandika USHINDI, kikazimika. Nikasubiri arukeruke kama kawaida yake. Hakuruka. Simu ikamteleza, ikalala sakafuni, nyeusi tii. Naye bado amekaa, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Sawa," akasema.

Mchezo ulikuwa umekwisha. Alikuwa anamjibu nani?

Mkono wake ukaenda mezani kwangu taratibu, ukachukua bisibisi. Ile ndefu. Mama akatoka jikoni na kikombe cha chai, akamjia upande wa pili.

"Kulia," mdogo wangu akanong'ona. "Sawa."

Hakugeuza hata kichwa.

Bisibisi ilimwingia Mama chini ya bega mpaka kwenye mpini. Nilisikia ikigonga mfupa. Kikombe kikapasuka, chai na damu vikachanganyika kwenye mkeka. Akaichomoa, akampiga tena, ubavuni.

"Mwanangu, ni mimi! Mwanangu!"

Masikio yameziba. Hasikii. Mama akainua kiganja kujikinga, na mara ya tatu bisibisi ikapita katikati ya kile kiganja, ikatokea upande wa pili.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

Kimya. Haikutoka hata chembe.

Lakini niliisikia. Jamani, niliisikia sauti yangu! Ilitoka mle kwenye sikio la mdogo wangu, ndogo, safi, imetulia.

"Kushoto."

Kushoto kwake nilikuwa nimesimama mimi.

Alinirukia tukaanguka juu ya meza, meza ikaanguka juu yetu. Goti lake kifuani kwangu. Bisibisi ilinichana shavu, nikasikia meno yakikwaruzwa. Nikamuuma kifundo cha mkono mpaka nikaonja damu, bisibisi ikamtoka, akanikaba koo kwa mikono miwili. Macho yake hayakuwa na chuki yoyote. Yalikuwa yametulia, kama anachomelea geti. Nikaivuta waya ya hedifoni. Upande wa kushoto ukachomoka. Wa kulia ukakatikia ndani, maana bila mpira kile kidude kilikuwa kimezama kabisa.

Nikapapasa sakafuni. Kibano changu. Nikakiingiza sikioni mwake mpaka kikagusa kitu kigumu, nikabana, nikavuta.

Maumivu yakamwangusha chini, lakini kidude kilikuwa kinashikilia. Nikavuta tena kwa mikono miwili, mguu nimemkanyaga shingoni… kikatoka na nyama. Damu ikaruka mpaka ukutani. Mdogo wangu akapiga ukelele wa mtoto mdogo, akatazama mikono yake, akamtazama Mama.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

Mama hakufa. Hospitali alimwambia daktari ameangukia vifaa vya kazi. Daktari akahesabu matundu, akanitazama shavu, akashona tu. Ule mkono wa Mama hadi leo haufumbi. Mdogo wangu sikio la kulia limekufa kabisa, hata umpigie ngoma. Mimi sauti ilirudi siku ya tatu, imekwaruzika.

"Ilikuwa sauti yako," mdogo wangu aliniambia, analia. "Wewe ndiye ulikuwa unanielekeza. Ningekukataliaje, Dada?"

Nikaenda kwa fundi viatu kumtafuta yule mwanamke. Alikaa pale siku ile moja tu, hajarudi. "Alikuwa amefunga sikio la kulia kwa kitambaa," fundi viatu akasema, huku anavuta uzi. "Na ukimtokea kushoto, anaruka, anashika kisu. Hakuwa na watu huyo."

Nikarudi nyumbani nalirudia lile neno lake moyoni. Upande wa kulia usiulize. Usiulize. Usi… u… lize.

Nikasimama katikati ya barabara, magari yananipigia honi.

Yule mama hakumkataza kuuliza swali. Alimwambia upande ule asiulize, auache ukae bubu! Neno la kazi yangu mwenyewe, ninalolisema kutwa, na sikulisikia. Mdogo wangu hakuuliza. Mimi, fundi mwenye sifa, nikauliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Zile hedifoni nilizisaga kwa nyundo, unga nikaumwaga chooni. Nikadhani yamekwisha.

Siku hizi nikiongea na mdogo wangu nakaa kushoto kwake, kwenye sikio zima. Jana jioni tulikaa hivyo jikoni, anamenya viazi, Mama amelala chumbani. Nilikuwa nimenyamaza. Ghafla akainamisha kichwa upande wa kulia, upande wa sikio lililokufa, ambako pana ukuta tu. Akatikisa kichwa kukubali, midomo ikitembea.

"Unaitikia nini?" nikamuuliza.

"Si wewe umeniuliza?"

"Nimekuuliza nini?"

"Nani amekaa kushoto." Mikono yake iliendelea kumenya. "Nimekujibu, ni Dada."

Kisu nilikuwa nimempa mimi mwenyewe.