Kilima cha Simu

Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikawasha moto na kubandika maji ya uji. Kisha nilimfunga Towera mgongoni, nikachukua ndoo na kushuka kijitoni. Towera alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa mzito, lakini hakupenda kutembea njia ile. Alisema nyasi zinamkuna.

"Shuka utembee," nilimwambia.

"Wewe ndiye una miguu mirefu," alijibu.

Baba yake, Wongani, hakumjua Towera huyu wa maneno. Aliondoka kwenda Joni mtoto akiwa bado ananyonya. Wanaume wengi wa kwetu Mzimba huenda huko Afrika Kusini kutafuta kazi. Wongani alipata kazi ya kupaka rangi nyumba za watu. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia simu.

Nyumbani kwetu simu haishiki. Lazima upande kilima kilicho nyuma ya kanisa. Juu kuna jiwe bapa. Wanawake tulikaa pale, kila mmoja na simu yake mapajani. Wongani hakuanza na salamu. Alianza na, "Umekula nini leo?" Nikimwambia nimekula sima na majani ya maboga yenye karanga, alisema, "Usinitese." Halafu tulinyamaza kidogo. Nilisikia anavyopumua. Naye alinisikia ninavyopumua. Mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo niliupenda ukimya ule kuliko mazungumzo.

Kisha simu zikaacha kuja. Mara ya mwisho alipopiga, tulikuwa tunamwagilia miche ya tumbaku kitaluni. Sasa majani yalikuwa yamekauka bandani, na simu bado kimya. Nikipiga mimi, nilijibiwa kwamba nambari haipatikani. Watu waliorudi kutoka Joni walisema huko wageni wanasakwa. Wengine walisema ameoa mwanamke mwingine. Mama mkwe wangu, NyaNkhata, alikataza jina la Wongani lisitajwe nyumbani.

"Nyamazeni," alisema. "Sitaki kulia mbele ya sufuria."

Basi tukanyamaza. Tulipika, tukalima, tukala. Kila Alhamisi mama mkwe alikwenda kutafuta kuni, akarudi jioni na vijiti viwili vitatu. Niliona ni uzee, sikumuuliza.

Jumapili moja nilikuwa kilimani. Simu ya NyaChavula, jirani yetu, ikalia kando yangu. Mumewe alicheka huko ndani ya simu, nami nikamsikia. Hapo hapo koo langu likabana. Nilivuta hewa, haikutosha. Nikavuta tena, haraka, tena na tena. Moyo ulikwenda mbio. Vidole na midomo vikafa ganzi. Nilidhani ninakufa, na simu iko mapajani mwangu.

"NyaMoyo! NyaMoyo, una nini?" NyaChavula aliniita. Kwetu mke huitwa kwa ukoo wa baba yake.

Sikuweza kumjibu. Baada ya muda ikaisha yenyewe. Niliteremka nikimshika NyaChavula bega.

Tangu siku ile hali hiyo ilinirudia mara nyingi. Ilinishika kilimani. Ilinishika bandani tulipokuwa tunapanga tumbaku, mikono ikifanya kazi yenyewe na mawazo yakienda mbali. NyaChavula ana ugonjwa wa pumu. Aliniletea vidonge vyake.

"Meza hivi, dada. Mimi vinanifungua kifua."

"Je, vinanifaa na mimi?"

"Kubanwa ni kubanwa. Meza!"

Nikameza. Mikono ilianza kutetemeka na moyo ukadunda kuliko mwanzo. Nilikaa chini ukutani, nikitweta kama mbuzi aliyekimbizwa. Towera alinishika masikio akalia. Mama mkwe alisimama mlangoni akitutazama.

Jioni aliniita jikoni. Alisema bila kuniangalia usoni.

"NyaMoyo, kifua hicho si cha mchezo. Tumbaku ikishafungwa, nenda kwa mama yako akuuguze."

"Nitakwenda na Towera?"

"Towera ni wa ukoo wetu, akina Jere. Ng'ombe wa mahari walikwishafika kwa baba yako. Mtoto atabaki kwao."

Niliendelea kukoroga maharage. Mume nilikuwa simpati. Sasa nilikuwa karibu kumkosa na mtoto. Tumbaku ilibaki siku kumi tu kumalizika.

Siku ya tatu alipita Bwana Msiska, mhudumu wa afya wa eneo letu, kupima uzito wa watoto. Watu humwita daktari. Yeye husema, "Mimi ni mtu wa baiskeli." Aliniona nimejikunja kando ya mizani, nikitafuta hewa. Alimwacha mtoto wa watu akining'inia kwenye mizani akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Imeanza lini hii?"

"Mwezi wa pili sasa," alijibu NyaChavula. "Nilimpa vidonge vyangu."

"Vya pumu? Nani alikwambia ana pumu?"

"Si anabanwa?"

"NyaChavula, viatu vyako tu havimwenei, sembuse dawa. Vidonge hivyo vinaweza kumfanya mtu atetemeke na moyo kwenda mbio. Dawa ya mtu ni ya mtu huyo." Kisha akanigeukia. "Una homa? Unakohoa damu? Miguu inavimba? Kifua kinauma? Uliwahi kuzimia?"

Nilitikisa kichwa kila mara.

"Nashukuru. Ungekuwa na mojawapo ya hayo, au midomo ingekuwa ya bluu, ningekupakia kwenye baiskeli sasa hivi. Lakini kubanwa pumzi hakukisiwi. Kesho nenda kituo cha afya upimwe."

Mama mkwe alikwenda nami. Mganga wa kituo alisikiliza kifua changu mbele na nyuma. Alinipima presha na homa. Alinibana kidole kwa kidude kinachoonyesha hewa iliyomo katika damu. Alichukua damu kuona kama nimepungukiwa. Alichukua makohozi kutafuta kifua kikuu. Aliniuliza kama nina mimba, nikainamisha kichwa. Mimba ningeitoa wapi? Alisema mapafu na moyo vinasikika vizuri, na damu inatosha. Majibu ya makohozi yangeletwa na Bwana Msiska.

Tulipokaribia nyumbani, mama akasema:

"Kwa hiyo huumwi."

"Ninaumwa, mama."

"Mganga hakuona kitu. Kama hakuna kitu, basi unajifanya."

Neno lile liliniumiza. Afadhali angesema nina ugonjwa mbaya. Usiseme mtu anajifanya kwa sababu tu kipimo hakikuona kitu. Mimi nilizijua pumzi zangu.

Jumatano nilikuwa napandisha kutoka kijitoni. Njia ile inapanda sana, wageni hupumzika mara mbili. Nilikuwa na ndoo kichwani na Towera mgongoni, naye alikuwa ananiimbisha wimbo wa watoto wa kanisani. Bwana Msiska alikuwa amesimama juu na baiskeli yake.

"Makohozi ni safi," alisema. "Huna kifua kikuu. Lakini subiri hapo hapo. Ndoo hiyo ina maji?"

"Imejaa."

"Na mtoto huyo ni mwepesi?"

"Mimi ni mzito!" Towera alisema.

"Na mlikuwa mnaimba. Hebu niambie, NyaMoyo, njia hii na kilima cha simu, ni ipi inapanda zaidi?"

"Hii."

"Hapa umewahi kubanwa?"

Nilifikiri. Kila siku nilipita pale mara tatu. Sikuwahi kubanwa hata mara moja.

"Hapana," nilisema. "Kule tu. Na bandani, tukiwa tumekaa."

"Ukiwa unafikiri nini?"

Maji yalimwagika kidogo kutoka kwenye ndoo yakaniingia shingoni. Bwana Msiska akasema, "Twende nyumbani. Mama naye asikie."

Tulikaa jikoni. Mama alimpa Bwana Msiska kibuyu cha togwa. Alikunywa, akafuta mdomo, akasema:

"Mama, mkwe wako hajifanyi. Mtu akiwa na hofu kubwa, mwili wake hujiandaa kukimbia. Moyo hudunda. Pumzi huwa fupi na za haraka. Sasa yeye hakimbii popote, amekaa. Anavuta hewa nyingi kuliko anayoihitaji. Ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Yeye anadhani hewa haitoshi, anavuta zaidi, na hali inazidi. Huo ni wasiwasi. Si wazimu, wala si uongo. Mapafu ni mazima, lakini mateso ni ya kweli."

"Hofu ya nini?" mama aliuliza.

Jikoni hakuna aliyejibu.

"Kwanza tushughulikie pumzi," Bwana Msiska alisema. "NyaMoyo, moto ukikaribia kuzima chini ya maharage, unapuliza vipi?"

"Polepole. Nikipuliza kwa nguvu, majivu yanarukia chungu."

"Pumua hivyo hivyo. Vuta hewa kwa pua, taratibu, mpaka tumbo liinuke. Usipandishe mabega. Kisha ipulize nje kwa midomo iliyobanwa kidogo, ndefu kuliko ulivyovuta. Kana kwamba kuna kaa la moto mbele yako na hutaki majivu yaruke. Fanya hivyo asubuhi na jioni ukiwa mzima, ili hofu ikija mwili uwe umeshazoea."

Nilijaribu. Mara ya kwanza niliona haya, watu wawili wakinitazama. Mara ya tano nilisikia mabega yameshuka.

"Kwa hiyo dawa ni kupuliza hewa?" mama aliuliza.

"Hiyo ni nusu. Nusu nyingine imezuiwa na mdomo uliofungwa humu ndani."

"Mdomo wangu?"

"Sikusema wako, mama. Umejitaja mwenyewe."

Mama alitaka kucheka, uso ukamgeuka. Alichukua kijiti akachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa.

"Mimi hupanda kile kilima," alisema. "Kila Alhamisi, mkiwa bandani. Nawaambia nakwenda kutafuta kuni."

"Mama, wewe huna simu," nilisema.

"Najua sina simu. Nakaa tu pale ambapo sauti yake ilikuwa inafika."

Nikasogea karibu yake. Sijui nani alianza kulia. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kuyasema. Nilisema namtamani Wongani kila ninapopakua sima. Nilisema nasahau sauti yake kidogo kidogo, na hilo linaniogopesha kuliko lile la mke mwingine. Mama alisema yeye anakumbuka kilio chake cha utotoni tu, sauti ya ukubwani imeanza kumpotea. Tulilitaja jina lake mara nyingi, Wongani, Wongani, mpaka Towera akauliza, "Amekuja?"

Bwana Msiska alitusubiri tumalize. Alituambia tusikae na habari za kusikia tu. Mama aende kwa chifu, jina la Wongani liandikwe, dereva wa basi la Joni aulizie mahali alipokuwa akiishi. Aliniambia nirudi kituoni kama kubanwa kutabadilika, au kukinishika nikiwa nafanya kazi nzito, au ikija dalili yoyote aliyoniuliza kwenye mizani. Pia alisema wasiwasi ukinizidi, hata kula na kulala kukanishinda, kituoni yupo mtu wa kuzungumza nami, nisione haya.

Alipoondoka nilikusanya ujasiri.

"Mama, tumbaku inamalizika Jumamosi. Nifunge nguo zangu?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu.

"Ukiondoka, nani atanishika mkono kupanda kilima? Mimi nina magoti mabaya."

Ni mavuno mawili sasa tangu siku ile. Kubanwa hakukuisha mara moja. Mwanzoni kulinijia bado, lakini niliacha kuogopa, nako kukawa kufupi. Siku hizi mwezi hupita bila kubanwa. NyaChavula humeza vidonge vyake mwenyewe, na akiona mtu anataka kuazima dawa hupiga kelele kuliko Bwana Msiska. Dereva wa basi alituletea neno moja: Wongani alihama pale alipokuwa, akiwa mzima, hakuna anayejua alikokwenda. Neno hilo tunalo. Tunalitaja tukila.

Jumapili iliyopita tulipanda sisi watatu. Tulikaa kwenye jiwe. Simu ya NyaChavula ililia, mumewe akacheka. Nilisikia koo linaanza. Niliweka mkono tumboni, nikavuta hewa kwa pua, nikaipuliza nje polepole, ndefu. Mama alikaa kando yangu akafanya vile vile.

Towera alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Moto uko wapi?" aliuliza.

"Uko Joni," mama alimjibu. "Puliza nawe, lakini polepole."

Towera alijaza mashavu. Tukapuliza pamoja, tumeelekea kusini, na simu iko mapajani mwangu.